John Charnley, Fundi wa Nyonga

Ukimwamsha mwanafunzi wa shule hii usiku wa manane umwulize ni nani aliyegundua penisilini, atakutajia Alexander Fleming kabla hajafungua jicho la pili. Chanjo ya ndui? Edward Jenner. Usafi katika upasuaji? Joseph Lister. Majina haya tumeyakariri kwa ajili ya mtihani wa Historia, wala si vibaya. Lakini hebu mwulize huyo huyo ni nani aliyewainua wazee waliokuwa wakijikokota kwa magongo, wakaenda zao sokoni kwa miguu yao miwili. Utamwona ameduwaa. Mtu huyo ni John Charnley, daktari wa mifupa wa Uingereza. Mimi nilianza kuchimbua habari zake kwa sababu ya nyanya yangu, na hilo nitalieleza huko mbele. Kwa sasa nawaomba walimu wangu na wanachama wenzangu tuandamane.

Kwanza tuelewane kuhusu nyonga. Nyonga ni pale fupa la paja linapokutana na kiuno. Juu ya fupa hilo pana kichwa cha mviringo, nacho huingia ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa kiuno. Kichwa na kikombe vyote vimefunikwa gegedu, yaani ile ngozi nyeupe ya kuteleza unayoiona mwishoni mwa mfupa wa mbuzi siku ya sikukuu, kabla hujaanza kuguguna. Gegedu likilika, mfupa husaga mfupa. Basi hapo mtu halali, hainami kuvaa viatu, na choo cha shimo humshinda. Huo si ugonjwa wa kuua, na pengine ndiyo sababu kwa miaka mingi waliouugua waliambiwa wavumilie tu, ati ni uzee.

Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti 1911 katika mji wa Bury, jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la dawa, mama yake alikuwa amesomea uuguzi. Lancashire ya siku hizo ilikuwa nchi ya viwanda vya pamba, mashine za kufuma zikinguruma kutwa kucha. Mashine hizo ziweke akilini, msomaji, kwa maana zitarudi katika hadithi hii bila kubisha hodi. Kijana alisoma Bury Grammar School, na mwaka wa 1929 akaingia chuo kikuu cha Manchester kusomea udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25 tu, alipita mtihani wa kuwa mwanachama wa chuo cha wapasuaji wa Uingereza, mtihani ambao wengi huufikia wakiwa tayari wameanza kuota mvi.

Vita Kuu ya Pili vilipozuka alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi. Alikuwamo katika lile kimbilio la Dunkirk mwaka wa 1940, wanajeshi walipookolewa kwa meli kutoka pwani ya Ufaransa. Baadaye akapelekwa Misri. Kule Cairo alikabidhiwa karakana ya kutengenezea vifaa vya kushikilia mifupa iliyovunjika, na nadhani hapo ndipo alipojitambua. Wapo madaktari ambao chuma kikiwa chuma na nyama ikiwa nyama, kila kimoja na mwenyewe. Charnley alikuwa daktari wa kushika tupa na nyundo. Aliporudi nyumbani alinunua mashine ya kukereza vyuma akaiweka kwake, na huko, baada ya kazi, akawa anachonga kwa mikono yake vitu ambavyo angevitia katika miili ya watu.

Kuna kisa cha mwaka wa 1946 ambacho kinamweleza mtu huyu kuliko vyeti vyake vyote. Alikuwa Oswestry, katika hospitali ya mifupa iliyoitwa kwa majina ya Robert Jones na Agnes Hunt. Alitaka kujua jinsi kipande cha mfupa kilichopandikizwa kinavyoshika. Wengine wangetafuta sungura. Yeye alimshawishi daktari mwenzake ampasue mguu, aubandue mfupa wa muundi na kuupandikiza. Naam, mguu wake mwenyewe, mzima kabisa! Kidonda kikaoza, mfupa ukaingiwa na vijidudu, naye daktari akawa mgonjwa wa kutibiwa na wenzake. Ungedhani angekoma. Hakukoma, kama utakavyoona.

Mwaka wa 1947 akawa daktari bingwa katika hospitali kuu ya Manchester, chini ya mzee wake katika fani, Harry Platt. Kwanza alijishughulisha na mifupa iliyovunjika, na mwaka wa 1950 akatoa kitabu kuhusu kutibu mivunjiko bila kupasua, kitabu ambacho hadi leo madaktari wa mifupa wanakisoma. Hapa niruhusuni nipige kituo kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa nchi ya bodaboda. Sote tunamjua mtu aliyevunjika mkono akafungwa plasta. Wengi wetu hudhani plasta ni kama gome la mti, kazi yake ni kuzunguka tu na kuwa ngumu. Kumbe sivyo. Mfupa ukivunjika, mara nyingi upande mmoja nyama na utando wa mfupa hubaki vimeshikana, vikawa kama bawaba ya mlango. Charnley alionyesha kwamba daktari hodari huitumia bawaba hiyo. Hukandamiza plasta mahali patatu, huku pawili na kule pamoja, bawaba ikakazika, na vipande vikatulia vinapotazamana. Kwa hiyo plasta iliyofungwa vizuri huonekana imepinda kidogo, na ile iliyonyooka kama bomba inaweza kuwa imeuacha mfupa wenyewe umepinda. Ukimwona binamu yako ametoka hospitalini na plasta yenye mbinuko, usianze kumcheka fundi.

Haya, turudi kwenye viungo. Zamani kiungo kilichoharibika kabisa kilitibiwa kwa kugandishwa. Daktari aliikwangua mifupa miwili akaiacha iungane iwe mmoja. Charnley mwenyewe alibuni njia ya kuibana mifupa ya goti kwa vyuma na skrubu ili ishikane upesi, akaiandikia mwaka wa 1948. Maumivu huisha, hilo ni kweli. Lakini mguu haukunjiki tena maisha, na mtu wa namna hiyo mwingize kwenye matatu uone atauweka wapi. Kwa nyonga hali ilikuwa ngumu zaidi. Wataalamu kadhaa walikuwa wamejaribu kuweka nyonga za kubuni. Mashuhuri walikuwa ndugu wawili wa Paris, Robert na Jean Judet, ambao tangu mwaka wa 1946 waliweka kichwa cha plastiki ngumu badala ya kile cha mfupa. Wagonjwa walifurahi mwaka mmoja, miwili, kisha taabu ikarudi.

Inasemekana kwamba mmoja wa wagonjwa wa aina hiyo alimfikia Charnley na malalamiko ya ajabu. Nyonga yake ilikuwa inalia. Akiinama mezani, kwiii! kama mlango usiotiwa mafuta, hata mkewe akawa hawezi kukaa naye chumba kimoja. Daktari mwingine angecheka, aandike dawa. Charnley aliondoka na swali. Ikiwa plastiki ile inalia ikigusana na kikombe cha mgonjwa, basi pana msuguano mkubwa. Na ikiwa pana msuguano, kila hatua inakichokonoa kile kichwa kilichopandikizwa hadi kilegee. Je, nyonga ya asili yenyewe ina msuguano kiasi gani?

Akapima. Wenzangu wa Fizikia wanajua kwamba msuguano una kipimo. Aligundua kwamba kiungo cha mnyama huteleza kuliko barafu juu ya barafu. Tena aliamini kwamba siri haikuwa katika ule ute wa kiungoni pekee, bali katika utelezi wa gegedu lenyewe. Hivyo kuweka kitu kigumu chochote na kutumainia ute wa mwili ukilainishe ilikuwa kazi bure. Lazima kipatikane kitu ambacho chenyewe, kikavu, kinateleza.

Kitu hicho akakipata: Teflon, ile plastiki nyeupe inayopakwa ndani ya vikaango ili mayai yasigande. Kwa macho ya wakati ule ilikuwa jibu kamili. Mwaka wa 1958 aliamua kuuacha wadhifa wake mkubwa mjini Manchester na kuhamia Wrightington, hospitali ya mashambani karibu na Wigan. Watu walimshangaa. Wrightington ilikuwa hospitali ya kifua kikuu. Dawa mpya zilikuwa zimeanza kuwaponya wagonjwa hao, vitanda vikawa vitupu. Charnley aliviona vile vitanda akaona kituo cha nyonga peke yake, mahali ambapo kazi ni moja, asubuhi na jioni, na mwenye kukosea au kupatia huonekana upesi.

Alileta na mtu mmoja ambaye mimi namhesabu kuwa nusu ya hadithi hii, fundi mitambo Harry Craven. Huyu hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa karakana, mwenye mikono ya dhahabu, akitengeneza vyombo vya upasuaji na mashine za kujaribia vifaa.

Sasa tazama jinsi nyonga yao ilivyokuwa, maana ndiyo iliyozaa zote za leo. Ina mambo matatu. La kwanza ni kichwa cha chuma kisichoshika kutu juu ya msumari mrefu unaoshuka ndani ya fupa la paja. Kichwa hicho Charnley alikifanya kidogo mno, karibu milimita 22 tu, ilhali wenzake walitumia mipira mikubwa karibu sawa na ile ya asili. Kwa nini kidogo? Fizikia tena, jamani. Nguvu inayotaka kukizungusha kikombe na kukilegeza hutegemea msuguano mara nusu kipenyo cha mpira. Punguza mpira, utaupunguza mzunguko. La pili ni kikombe cha plastiki, kinene kwa sababu mpira ni mdogo. La tatu ni saruji. Usicheke, ndilo jina lake: unga na maji maalumu ya plastiki yanayokorogwa na kuwa ugali laini, kisha kwa dakika chache yanakuwa mawe. Vitu vya namna hiyo vilikuwa vikitumiwa na madaktari wa meno, na Charnley alielekezwa na Dennis Smith wa chuo cha udaktari wa meno huko Manchester. Saruji hiyo si gundi. Hujaza mianya ya mfupa na kugawanya uzito, kama zege inavyokishika kigingi cha goli pale uwanjani kwetu.

Mambo mawili kati ya hayo matatu yalikuwa sahihi na yangali yanatumika. Lakini lile moja lililobaki likawa balaa.

Kwa miaka mitatu hivi Charnley aliweka vikombe vya Teflon kwa watu wapatao 300. Mwanzoni ilikuwa kama muujiza. Waliobebwa wakitembea, waliokuwa hawalali wakilala. Halafu, mmoja mmoja, wakaanza kurudi. Maumivu yamerejea. Picha za eksirei zilionyesha kichwa cha chuma kimekila kikombe na kuzama ndani yake, na kiungo kilipofunguliwa daktari alikuta uchafu mweupe, mzito kama jibini, umejaa kila mahali ukiula mfupa. Teflon ilikuwa inateleza kweli, lakini ilikuwa inalika kama sabuni.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame, msomaji. Watu 300! Si panya. Ni akina mama na akina baba waliomwamini. Tena hakuna sheria iliyomlazimisha kutangaza. Angeweza kunyamaza, kulaumu ugonjwa, kuwapeleka kwa daktari mwingine. Charnley hakuficha. Aliiacha Teflon, akaanza kuwafungua wagonjwa wake tena kuondoa kile alichokiweka, na akaandika wazi katika jarida la madaktari kwamba kitu hiki hakifai, wengine wasikiguse. Sisemi alikuwa malaika. Waliofanya kazi naye wanasimulia kwamba alikuwa mtu wa hasira za karibu, mkali kwa wasaidizi, tena asiyependa kupingwa. Lakini kwa hili, mimi namvulia kofia.

Kuvunjika kwa koleo, hata hivyo, si mwisho wa uhunzi, na koleo jipya lililetwa na mchuuzi. Mwezi wa Mei 1962 alifika Wrightington mtu aliyekuwa akiuza giya za plastiki za mashine za kufumia nguo. Si nilikuambia mashine hizo zitarudi? Plastiki yenyewe ilikuwa polithini ya aina ngumu, ya ukoo mmoja na zile juala za dukani ambazo Kenya ilizipiga marufuku mwaka wa 2017, ila hii imeshonana kiasi kwamba hustahimili kupigwa na kusuguliwa. Craven akamwonyesha bwana mkubwa. Charnley alikichoma kile kipande kwa ukucha wa kidole gumba, akaona kinabonyea, akasema hakina maana, akaenda zake.

Craven hakubisha wala hakutii. Charnley aliposafiri kwenda mkutano wa Copenhagen, fundi alikiweka kipande kile kwenye mashine yake ya kusugua, akaiacha inguruma usiku na mchana. Baada ya wiki tatu alipima. Polithini ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Daktari aliporudi alikwenda kuangalia, akarudi kuangalia tena, na ubishi ukamwisha. Kusema kweli kila nikikifikia kisa hiki nawaza kwamba mamilioni ya watu wanatembea leo kwa sababu mfanyakazi wa karakana hakukubali neno la mkubwa wake bila kupima.

Je, Charnley alikimbilia kuwawekea wagonjwa? Alikuwa ameungua mara moja. Alichukua chembechembe za Teflon na za polithini akajitia mwenyewe ndani ya paja kwa sindano nene, akangoja. Baada ya miezi tisa palipokuwa na Teflon palikuwa na vinundu vilivyovimba karibu mara mbili ya vile vitu alivyotia. Pale penye polithini hapakuhisika sana. Habari hiyo aliichapisha mwaka wa 1963. Nyonga za kwanza za polithini zilikuwa zimewekwa tangu Novemba 1962, naye aliwaita wagonjwa wake warudi mwaka baada ya mwaka kupigwa picha na kupimwa kulika kwa kikombe.

Sasa nifike kwa nyanya yangu. Nyonga yake ya kulia ilimtesa miaka sita. Katika kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, alikuwa akipewa vidonge vya maumivu kila akienda, na hakuna aliyewahi kumpiga eksirei. Majirani wengine walisema ni baridi, wengine wakaanza kutaja majina ya watu. Daktari wa mifupa alipokuja kuiona picha alimwonyesha baba kwa kalamu kwamba nafasi kati ya mfupa na mfupa imekwisha. Bei ya nyonga bandia ilipotajwa, baba alinyamaza njia nzima hadi nyumbani. Tulifanya harambee, shangazi akauza ng'ombe, na nyanya akapasuliwa. Siku ya pili walimsimamisha, nilikuwapo. Lakini swali lake kwa daktari halikuwa la maumivu. Alitaka kujua, mwanangu, hiki chuma siku nikifa nitazikwa nacho au mtakuja kukidai? Wodi nzima ilicheka. Daktari alimwambia ni chake.

Niliposoma kuhusu Charnley niliona swali la nyanya halikuwa la kuchekesha hivyo. Charnley aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba wakifariki, nyonga zao zirudishwe Wrightington zikachunguzwe. Wengi walikubali kwa moyo mkunjufu. Kwa njia hiyo aliweza kuona kwa darubini jinsi mfupa ulivyokaa na saruji baada ya miaka kumi au zaidi ya kutembea, jambo ambalo eksirei haiwezi kulionyesha. Wazee wale walikuwa wakishiriki utafiti hata kaburini.

Adui mwingine alikuwa usaha. Katika miaka ya mwanzo, karibu watu 7 katika kila 100 waliopasuliwa waliingiwa na vijidudu, na kijidudu kikijificha kwenye kiungo bandia ni taabu ya miaka, pengine chombo chote kitolewe. Charnley alishuku hewa ya chumba. Akishirikiana na mhandisi wa kuchuja hewa aitwaye Howorth, alijenga kijichumba cha vioo ndani ya chumba cha upasuaji, hewa safi ikishushwa kutoka juu, na wapasuaji wakavaa kofia na mavazi yaliyonyonya pumzi zao nje. Wageni walidhani ni wanaanga. Kiasi cha uambukizo kilishuka hadi chini ya mtu 1 kwa 100. Mwaka wa 1982 utafiti mkubwa katika hospitali nyingi, kwa upasuaji wa viungo zaidi ya 8000, ulionyesha kwamba hewa safi ilipunguza uambukizo kwa karibu nusu. Hata hivyo sayansi haimwogopi mkubwa. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umetia shaka, hasa kwa kuwa siku hizi kila mgonjwa hupewa dawa za kuua vijidudu kabla ya kisu, na mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri hospitali zisijigharimu kwa mitambo hiyo ya hewa kwa ajili ya viungo bandia. Ubishi unaendelea, na sioni kama Charnley angenuna; yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuhesabu.

Jambo moja zaidi lilimtofautisha na wafanyabiashara. Kwa miaka kadhaa, hadi karibu mwaka wa 1970, alikataa nyonga yake iuzwe kwa daktari yeyote ambaye hakuwa amefika Wrightington kujifunza. Wapo waliomwita mwenye choyo. Mimi naona aliwakumbuka wale 300. Hakutaka kitu kienee duniani kabla hajajua kinavyokuwa baada ya miaka.

Heshima zilimjia, ingawa tuzo ya Nobel haikumfikia. Alipata tuzo ya Lasker ya Marekani mwaka wa 1974, akachaguliwa katika Royal Society mwaka wa 1975, na mwaka wa 1977 Malkia akampa cheo, akawa Sir John. Alikuwa amechelewa kuoa, mwaka wa 1957, akiwa na miaka 45. Yeye na mkewe Jill walipata mvulana na msichana. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 5 Agosti 1982, mwezi huo huo ambao angetimiza miaka 71.

Na nyonga zenyewe? Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliwafuatilia watu waliowekewa nyonga 2000 za Charnley kati ya mwaka wa 1969 na 1971. Baada ya miaka 25, kwa hesabu yao, takriban 80 katika kila 100 zilikuwa hazijahitaji kubadilishwa. Tangu hapo mengi yameongezwa. Polithini ya leo hupigwa mionzi ili nyuzi zake zishikane, ikawa hailiki upesi kama ile ya zamani, na kwa sababu hiyo wapasuaji wameweza kurudia mipira mikubwa kidogo, ya milimita 28, 32 na hata 36, isiyochomoka kwa urahisi. Wengine huondoa saruji kabisa na kuacha mfupa ujishikize wenyewe kwenye chuma chenye vinyweleo. Ziko roboti pia za kumsaidia daktari kulenga.

Lakini si kila jipya lilikuwa jema. Mwanzoni mwa karne hii makampuni yalishabikia nyonga za chuma juu ya chuma, ati zitadumu na vijana watacheza nazo mpira. Chuma kikasagika, chembe zake zikaleta uvimbe na kuoza kwa nyama, na mwaka wa 2010 aina moja, ASR, iliondolewa sokoni duniani kote baada ya kuwekwa kwa maelfu ya watu. Ni Teflon iliyorudi na suti mpya. Waliogundua walisaidiwa na madaftari ya kitaifa, ambamo kila nyonga inayowekwa huandikwa aina yake, siku yake na daktari wake, na ikibadilishwa huandikwa tena. Sweden ilianza daftari la nyonga mwaka wa 1979, Uingereza na Wales mwaka wa 2003. Na wasidhani ni mambo ya matajiri pekee: jirani zetu wa Malawi walianza la kwao mwaka wa 2005, nchi yenye wapasuaji wa mifupa wa kuhesabika kwa vidole.

Nyanya yangu siku hizi anapanda kilima cha kwenda kanisani bila fimbo, ila fimbo yenyewe hataki tuitupe. Anafukuzia kuku nayo. Kila mwaka anatakiwa arudi apigwe picha. Anauliza kwa nini, na yeye haumwi. Nilimweleza habari za fundi Craven na mashine yake iliyosugua wiki tatu. Akasema basi yeye sasa ndiye mashine, na mwezi ule tukampeleka.